Jinsi ya kuangalia muvi za zamani zikunogee kama enzi zile

Kwanza zima simu au mpe mtu akufichie. Wengi tunalalamika muvi za siku hizi hazina ladha kumbe tunaziangalia huku tunaskrol, zamani ulishalipa kiingilio kwenye kibanda umiza, umebanwa kwenye benchi jasho linakutoka, ungeangalia nini kingine zaidi ya Van Damme?

Alafu usianze na ile uliyoipenda kuliko zote, utaumia bure, anza na uliyoisahau nusu. Ukipata yenye sauti ya Lufufu anatafsiri Kiswahili na vituko vyake juu, chukua hiyo hiyo, mi bila ile sauti naona nusu ya utamu imeondoka. Picha ikiwa ya mraba na pembeni kuna weusi usiivute ijae skrini, watu watakuwa wafupi wanene.

Usizilinganishe na mpya kwa pupa, mbovu za zamani zilikuwepo kibao ila tumezisahau zikabaki kali tu. Na ita washkaji mliokua pamoja maana mara nyingi unaowamisi ni wao, na ule umri wa ujana ambao kumbukumbu zake zinaganda kichwani kuliko za baadaye. Bisi sio lazima, karanga za kukaanga zinatosha.