Kujichukulia Sampuli ya Pua kwa Kipimo cha Homa ya Mafua

Mtu anayejichukulia sampuli puani akiwa nyumbani huingiwa na wasiwasi kwamba mkono wake si mkono wa muuguzi, na kwamba jibu litakalotoka halitakuwa na thamani. Wasiwasi huo ni mkubwa kuliko unavyostahili. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti kadhaa, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha sampuli za wagonjwa waliojichukulia wenyewe na zile zilizochukuliwa na wataalamu. Kwa kila wagonjwa 100 waliokuwa na virusi vya homa ya mafua, sampuli za kujichukulia ziliwabaini takribani 87, na kwa kila watu 100 wasio na virusi, 99 walipata jibu sahihi. Kwa hiyo jibu la kwamba virusi vipo linaaminika, hasa msimu wa mafua unapokuwa umepamba moto, ilhali jibu la kwamba havipo linaacha mwanya wa kosa. Mwanya huo unaweza kuupunguza mwenyewe.

Anza na siku. Dalili hutokea kati ya siku 1 na 4 baada ya kuambukizwa, na virusi huwa vingi puani katika siku 3 za mwanzo za ugonjwa, kisha hupungua. Anayesubiri wiki nzima ndipo ajipime huenda akakosa virusi ambavyo vilikuwapo. Kuwahi kuna faida nyingine pia, kwa kuwa oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Nawa mikono kwa sabuni, penga kamasi kwenye karatasi laini na uitupe, kisha nawa tena. Tumia kijiti kilichomo ndani ya pakiti pekee. Vijiti vya pamba vya kusafishia masikio havifai, na pamba iliyofungwa kwenye kijiti cha mti inaweza kuharibu kipimo. Usiguse ncha wala kuilaza mezani. Inamisha kichwa nyuma kidogo na uingize kijiti sambamba na sakafu ya pua, kana kwamba unakielekeza sikioni, wala si kuelekea juu machoni. Vifaa vingi vya nyumbani huhitaji sampuli ya sehemu ya mbele ya pua tu, yaani kina cha sentimita 1 hadi 1.5, na vingine huhitaji kwenda ndani zaidi. Shika maelekezo ya kifaa ulichonacho. Zungusha kijiti polepole mara 4 au zaidi huku kikikandamiza ukuta wa pua, kwa muda wa sekunde 15 hivi, kisha rudia tundu la pili kwa kijiti hicho hicho. Machozi yakikutoka si tatizo, lakini ukisikia maumivu makali au kizuizi, acha kusukuma.

Ukuta wa pua ndio wa kutiliwa mkazo, kwani hapo ndipo wengi hukosea bila kujua. Virusi vya mafua huzaliana ndani ya chembe hai zinazotanda njia ya hewa, kwa hiyo kijiti kilichopita katikati ya tundu bila kugusa kitu hakikuleta kinachotafutwa. Maabara zina njia ya kuligundua kosa hilo: katika sampuli hiyo hiyo hupimwa pia jeni ya binadamu, nayo isipoonekana hujulikana kwamba sampuli haikufaa. Kipimo cha haraka cha nyumbani hakina ulinzi huo. Ule mstari wa uthibitisho unaotokea juu yake unaonyesha tu kwamba kimiminika kimepita na kipimo kimefanya kazi. Hausemi lolote kuhusu ubora wa ulichokichukua puani.

Sampuli ya kupelekwa maabara hukaa ndani ya chupa yenye kimiminika cha kuhifadhia virusi, katika jokofu lenye nyuzi 2 hadi 8, na kwa kawaida inatakiwa kufika ndani ya saa 72. Usiigandishe kwenye friza ya nyumbani. Kuna vifaa vilivyotengenezwa kusafirishwa kwa posta, na utafiti wa mafua wa Seattle, Marekani, ulioanza mwaka 2018, uliwatumia wakazi vijiti majumbani nao wakavirudisha kwa njia hiyo. Ila hilo lifanyike pale tu maelekezo yanaporuhusu.

Unaposoma jibu, uliza kwanza ni kipimo cha aina gani. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, hunasa hata virusi vichache, lakini vipimo vingi vya haraka vya antijeni, vinavyotafuta protini za virusi, hubaini asilimia 50 hadi 70 tu ya wenye mafua, maana yake wagonjwa wengi zaidi hukoswa na kipimo kuliko wanaokoswa kwa sababu ya mkono uliochukua sampuli. Mjamzito, mzee wa miaka 65 na zaidi, mtoto wa chini ya miaka 5, na mwenye pumu, selimundu au VVU wasibaki nyumbani kwa kutegemea jibu la haraka lililosema hakuna virusi. Waende kwa daktari. Na kwa anayeishi au aliyetoka karibuni kwenye eneo lenye malaria, homa isihesabiwe kuwa ya mafua kabla damu haijapimwa malaria, hata kama kijiti cha pua kimeonyesha virusi, kwa sababu magonjwa hayo mawili yanaweza kumpata mtu kwa wakati mmoja.