Namna ya Kupata Vipuri Sahihi vya Mfumo wa Kupozea Mashine ya Boti

Mteja anayefika dukani na kusema anataka impela ya mashine ya nguvu za farasi 40 hajasema kitu ambacho muuzaji anaweza kukitumia, kwa sababu kampuni moja huweza kutengeneza mashine za nguvu hiyo kwa miaka mingi, za mipigo miwili na za mipigo minne, zenye miguu (sehemu ya chini inayozama majini) tofauti na pampu tofauti, na zote zikaandikwa 40 ubavuni. Nguvu za farasi husaidia kupanga safari na kukadiria mafuta. Kipuri hutafutwa kwa namba, na kazi kubwa iliyopo ni kuipata namba hiyo kabla ya kutoa fedha.

Ni vyema kwanza kujua ni kipuri gani hasa kinachotafutwa. Katika mashine za kupachika nyuma ya boti, maji huingia kupitia matundu yenye vichujio kwenye mguu, karibu na rafadha, yakavutwa na pampu iliyokaa juu ya giaboksi. Ndani ya pampu hiyo mna impela, yaani gurudumu la mpira lenye mapezi, linalozungushwa na shafti kuu kwa kushikwa na kipande kidogo cha chuma ambacho mara nyingi huwa na umbo la nusu mwezi. Impela husukuma maji juu kupitia bomba jembamba, yakapita kwenye njia za silinda na kichwa cha injini, yakakutana na themostati, yaani vali inayofunguka maji yanapopata joto, kisha yakatoka pamoja na moshi chini ya maji. Mashine nyingi zina pia vali ya shinikizo yenye springi, inayofunguka mwendo unapoongezeka ili maji mengi yapite bila kuisubiri themostati. Ule mchirizi unaoonekana ukitoka nyuma ni tawi dogo tu la maji hayo, na katika mashine nyingi huchepushwa kabla ya themostati; hivyo mchirizi wenye nguvu huthibitisha kwamba pampu inafanya kazi, lakini hauthibitishi kwamba kichwa cha injini kinapata maji.

Mchirizi ukiwa hafifu, usikimbilie kununua impela. Pitisha kipande cha mshipi mnene wa kuvulia kwenye tundu la kutokea, kwa kuwa chumvi, mchanga na wadudu hupenda kuliziba, kisha safisha vichujio vya mguuni na uwashe tena. Ikiwa mashine hupata joto ikienda polepole na kupoa inapokimbia, shuku themostati iliyokwama ikiwa imefunga, maana katika kasi vali ya shinikizo hufunguka na kuficha ubovu huo. Ikiwa hupata joto inapokimbia, ilhali ikiwa mwendo mdogo haina tatizo, anza na vichujio na pampu. Dalili hizi si hukumu ya mwisho, lakini huzuia mtu asinunue vipuri vitatu wakati anahitaji kimoja.

Kutambua mashine uliyo nayo

Kibao au karatasi ya utambulisho kwa kawaida huwa kwenye bano la kufungia mashine kwenye ubao wa nyuma wa boti, upande mmojawapo. Humo mna alama ya modeli na namba ya mfululizo. Andika zote mbili, pamoja na herufi na vistari, au piga picha. Kibao kikiwa kimeliwa na chumvi, tafuta kifuniko kidogo cha chuma cha mviringo kilichopigiliwa kwenye ubavu wa injini yenyewe, kwani baadhi ya watengenezaji huchapa namba hapo pia. Kikune taratibu kwa kitambaa chenye mafuta. Brashi ya waya humaliza kazi ambayo chumvi iliianza.

Mashine za Johnson na Evinrude za kuanzia 1980 zina siri ndogo inayowafaa sana wenye mashine kuukuu. Mwaka wa modeli umefichwa katika herufi mbili zilizo karibu na mwisho wa alama ya modeli, zikifuata neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9 na S ni 0. Basi herufi CO ni 85, yaani mwaka 1985. Anayelijua neno hilo hahitaji kubahatisha umri wa mashine kwa kuitazama rangi ya kifuniko chake.

Jina lililoandikwa kwenye kifuniko pia si la kuaminiwa peke yake. Mashine za Mariner za zamani zilitengenezwa na Yamaha, na za baadaye zikatoka Mercury. Mashine ndogo za mipigo minne zilizouzwa kwa jina la Mercury zimetengenezwa pamoja na Tohatsu, na Tohatsu hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza mashine zilizouzwa kwa jina la Nissan. Faida yake ni kwamba kipuri kinachokosekana kwa jina moja huweza kupatikana kwa jina jingine. Hasara yake ni kwamba anayetafuta kwa jina la kifuniko tu huweza kupekua orodha isiyo yake.

Kuna jambo moja zaidi, na mimi nilijifunza kwa gharama. Niliwahi kuagiza seti nzima ya pampu kwa kufuata kibao cha banoni, ikaja, nikafungua mguu na kukuta impela yangu ni ndogo kuliko ile mpya kwa takriban milimita 10. Mguu ulikuwa umebadilishwa na mmiliki wa kabla yangu, akafunga wa mashine nyingine iliyokubali shafti. Kwa mashine iliyonunuliwa mikononi mwa mtu, ni busara kuufungua mguu na kuitazama pampu kwanza, ndipo uagize, hata kama kufanya hivyo kutaiweka boti juu ya nchi kavu kwa siku kadhaa.

Kusoma namba za vipuri

Ukishaijua modeli, tafuta mchoro wa vipuri wa mashine hiyo, ambao watengenezaji na wauzaji wakubwa huuweka kwenye intaneti bila malipo. Pampu ya maji huchorwa pamoja na sehemu za mguu. Themostati na vali ya shinikizo huchorwa pamoja na silinda au kichwa cha injini. Kila kipande kina namba ya mchoro, na namba hiyo hukupeleka kwenye namba ya kipuri.

Namba hizi zina mpangilio wake. Kwa Yamaha, kwa mfano 6H3-44352-00, tarakimu tano za katikati hutaja kazi ya kipande: 44352 ni impela, 12411 ni themostati. Kundi la kwanza hutaja familia ya mashine ambayo kipande hicho kilibuniwa kwa ajili yake mwanzoni, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kukataa kipuri sahihi eti kundi la kwanza halifanani na alama ya mashine yao. Kipande kimoja hutumika katika familia kadhaa. Tarakimu mbili za mwisho huonyesha toleo. Kwa Honda na Suzuki kazi hutangulia: impela ya Honda huanza na 19210, na ya Suzuki huanza na 17461. Namba za impela za Mercury kwa muda mrefu zimeanza na 47.

Usishtuke muuzaji akikwambia namba yako imefutwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba namba imerithiwa na nyingine baada ya kipande kuboreshwa, na mfumo wa muuzaji huonyesha mrithi wake. Uliza swali hilo kwa maneno hayohayo: je, namba hii imebadilishwa na ipi? Wakati mwingine toleo jipya hutaka na kipande cha jirani kibadilishwe, kwa mfano impela mpya pamoja na kikombe cha chuma kinachoifunika, na muuzaji mvivu hatalitaja jambo hilo.

Namba ikikosekana kabisa, pima. Kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), chukua kipenyo cha nje cha impela, kimo chake na kipenyo cha tundu la shafti, kisha hesabu mapezi na uangalie aina ya kifungio: nusu mwezi, pini au upande bapa. Impela ya zamani mapezi yake hubaki yamelala, kwa hiyo kipenyo chake kitaonekana pungufu. Kimo na tundu ndivyo vipimo vya kuamini. Watengenezaji wa vipuri mbadala, kama vile Sierra wa Marekani, huchapisha majedwali ya ulinganisho yanayotaja namba yao mbele ya namba za kampuni asili, na baadhi huweka vipimo. Majedwali hayo hufaa hata kwa mtu anayekusudia kununua kipuri asili, maana hukupa namba ambayo hukuwa nayo.

Kipi kinunuliwe, na kipi kisinunuliwe

Seti kamili ya pampu ni bora kuliko impela peke yake, isipokuwa pale pampu inapofunguliwa kila mwaka na bado ni laini ndani. Impela husugua kikombe cha chuma juu na sahani ya chuma chini. Mchanga ukishaichora sahani hiyo, impela mpya hupoteza maji kupitia michoro ileile iliyoua ya zamani. Pitisha ukucha wako juu ya sahani. Ukinasa kwenye mfereji, sahani hiyo imekwisha. Seti nzuri huwa na impela, kikombe, sahani, gasketi, oringi (pete ya mpira), kifungio cha nusu mwezi na mpira wa kushikia bomba la maji. Soma yaliyomo kabla ya kulipa, kwa kuwa neno “seti” humaanisha vitu tofauti kwa kila muuzaji.

Impela mbovu si lazima ionekane mbovu. Mpira umegandishwa kwenye kitovu cha shaba au plastiki, na gundi hiyo huweza kuachia huku mapezi yote yakiwa mazima. Shika mapezi kwa mkono mmoja, zungusha kitovu kwa mwingine. Kikiteleza hata kidogo, hiyo ndiyo sababu ya mchirizi kukatika mashine inapoongezwa mwendo. Pezi likiwa limekatika, litafute mpaka ulipate, kwa kuwa kipande hicho kimekwama mahali fulani kwenye bomba au karibu na themostati, na pampu mpya itaendelea kusukuma maji dhidi yake.

Kwa bidhaa za mpira, umri wa rafuni ni jambo la kuuliza. Kataa impela iliyohifadhiwa ikiwa ndani ya nyumba ya pampu, maana mapezi yake yameshazoea kulala. Kataa pia yenye mabaki ya mpira pembezoni mwa mapezi, yenye kitovu kisicho katikati, au iliyo kwenye paketi ambayo chapa yake inafutika kwa kidole. Vipuri mbadala vya kampuni inayojitambulisha kwa jina lake si vibaya, na vingi nimevitumia bila majuto. Cha kuogopwa ni kile kinachojifanya asili.

Themostati ina joto la kufungukia lililochapwa mwilini mwake, na kwa mashine nyingi za kupachika huwa kati ya nyuzi 48 na 62 za Selsiasi. Usishawishike kufunga ya gari, ambayo hufunguka kwenye nyuzi 80 na zaidi, hata kama inaingia vizuri. Maji ya bahari katika joto hilo huacha chumvi na chokaa kwenye njia za injini. Kabla ya kununua mpya, ijaribu ya zamani kwa kuining’iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto. Ikifunguka karibu na namba iliyochapwa, na ikajifunga maji yanapopoa, nunua gasketi yake tu. Gasketi haitumiwi mara mbili, na silikoni si mbadala wake, kwa sababu ukanda wa silikoni ukijitenga ndani huelea hadi kwenye njia nyembamba na kuiziba.

Bomba la maji hununuliwa kwa kimo cha shafti. Mashine ileile huweza kuuzwa na shafti fupi ya takriban sentimita 38, ndefu ya 51 au ndefu zaidi ya 64, na bomba la moja haliwezi kutumika kwa nyingine. Vipuri vilivyotumika, kutoka kwa mashine iliyovunjwa, vinafaa kwa bomba, nyumba ya pampu na kifuniko cha themostati, baada ya kukaguliwa kama chuma hakijaliwa. Mpira, sili na gasketi visinunuliwe vikiwa vimetumika.

Wenye Johnson na Evinrude wasikate tamaa. Kampuni mama yake, OMC, ilifilisika mwaka 2000, na kampuni ya BRP, iliyoyachukua majina hayo, iliacha kutengeneza mashine hizo mwaka 2020. Hata hivyo vipuri vya kupozea ni vitu vinavyochakaa kwa watu wengi, na watengenezaji wa mbadala bado wanavitoa.

Kifurushi kikifika, usikifunge kipuri kwanza. Weka kipande kipya juu ya cha zamani, linganisha matundu ya bolti moja baada ya jingine, na ingiza kifungio kwenye mfereji wa impela kwa mkono kuona kama kinakaa bila kulegea. Vikitofautiana, kipuri kinarudishwa kikiwa bado hakijapakwa grisi, na muuzaji hana la kubisha.