Ukiwa safari ya kikazi na baiskeli: tafuta lami inayoishia mlimani

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati mashine za maabara katika hospitali za wilaya, na kazi hiyo ndiyo inayonizungusha Tanzania. Wiki hii Korogwe, ijayo Rungwe, mwezi ujao Mpanda. Baiskeli yangu ya mbio husafiri nami kila inapowezekana. Hapa nataka kueleza namna ya kuingia jioni katika mji usioujua, ukiwa na asubuhi mbili tatu tu za kwako, na bado ukapata barabara nzuri bila kubahatisha.

Kanuni yangu kubwa ni moja: tafuta lami inayoishia mahali. Barabara inayounganisha miji mikubwa ina mabasi, matangi ya mafuta na madereva wanaowahi. Barabara inayopanda mlimani au kushukia ziwani, kisha lami ikakoma, ina daladala chache, bodaboda na watu wanaokwenda shamba. Roli la Tunduma halitapita huko, kwa kuwa halina linakokwenda. Tena lami za namna hii ndizo zenye mandhari, maana nyingi zilifuata kahawa, chai, misheni na maboma ya wilaya, na hivyo vyote vilipenda kukaa kwenye baridi ya milimani.

Anza kabla hujaondoka nyumbani. Mimi natumia OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ingawa Organic Maps nayo inafaa. Zote mbili zinachota ramani za OpenStreetMap na zinafanya kazi bila intaneti ukishapakua mkoa mzima. Washa mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Mistari ikibanana, hapo pana mwinuko. Barabara ikijikunja kwenye mistari iliyobanana, hapo pana kona za mlima, na kona za mlima ndizo zenye upeo wa kutazama. Halafu hamia picha ya setilaiti uifuate barabara hiyo kwa kidole. Lami huonekana ya kijivu, kingo zake zimenyooka. Vumbi huonekana jekundu au jeupe na kingo zake zimechakaa. Fuata mpaka uone rangi inabadilika, na hapo weka alama. Ndipo utakapogeukia.

Kuna na herufi za kuzingatia. Barabara zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, zina namba: zinazoanza na T ni barabara kuu, zinazoanza na R ni za mkoa. Ninapotafuta pa kuendesha, naanza na zile za R zenye lami. Za T naziingia kipande kifupi tu, ikiwa hakuna njia nyingine ya kufikia ninapotaka. Zilizo chini ya TARURA, yaani za mijini na vijijini, nyingi ni za vumbi, ila vipande vya lami au zege kwenye miinuko mikali vipo, hasa Kilimanjaro.

Ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ile inayong'aa pale ambapo watu wengi wamepita, inasaidia sana Arusha, Moshi, Dar es Salaam au Nairobi. Ukienda Njombe au Kigoma itakuonyesha giza tupu. Giza hilo lisikukatishe tamaa. Maana yake ni kwamba wenye vifaa vya kurekodi ni wachache huko. Barabara nzuri ipo na watu wanaiendesha kila siku wakiwa na gunia la mkaa nyuma.

Hao ndio walimu wangu wakubwa. Nikifika mji mgeni natafuta kwanza fundi baiskeli, yule mwenye kibanda chini ya mti karibu na soko. Namsalimia, najaza upepo hata kama sina haja, kisha naanza maswali. Nikimuuliza "barabara nzuri ni ipi?" atanionyesha barabara kuu, kwa sababu ndiyo pana. Kwa hiyo nauliza hivi: "Shikamoo baba. Wanaoleta ndizi kwa baiskeli wanatokea wapi? Wanashukia wapi kusukuma? Asubuhi magari makubwa yanapita huko?" Wanaposhuka kusukuma ndipo penye mwinuko mkali. Njia wanayoichagua wenye mizigo karibu siku zote ndiyo yenye magari machache, maana na wao wanaogopa malori kama mimi.

Konda wa daladala ni wa pili. Yeye anajua lami imekatika wapi baada ya mvua, daraja gani ni jembamba, na gulio la kijiji gani ni siku gani. Siku ya gulio barabara ya mlimani hujaa magari tangu alfajiri. Umbali usimuulize bodaboda. Atakwambia ni hapo tu. Umbali upo kwenye ramani.

Sasa tuchukue Lushoto, kwa sababu ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote na inaonyesha kanuni nzima. Mombo iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, chini kwenye joto, mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Piga hesabu: mita 950 ndani ya kilomita 33 ni wastani wa karibu asilimia 3. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida anapanda. Hesabu hii ifanye kwa kila njia kabla ya kuamua: mwinuko gawanya kwa umbali, zote ziwe katika mita, zidisha kwa 100. Wastani ukizidi 6 kwa kilomita nyingi mfululizo, ujue asubuhi ya siku ya kazi haitakutosha.

Ondoka Mombo kukipambazuka. Kilomita za kwanza zinakuingiza kwenye korongo. Mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na mto unausikia kabla ya kuuona. Kadiri unavyopanda, hewa inapoa na migomba inaanza. Soni iko katikati ya njia, na maporomoko yake yako kando ya barabara kabisa. Simama hapo unywe chai. Wanaouza matunda damu, plamu na peasi watakuwa wanapanga vikapu. Kutoka Soni unaendelea kupanda kwenye bustani za kabichi na karoti hadi mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Ukiwa na nguvu bado, endelea kilomita chache hadi Irente. Hapo lami inakuacha, lakini ukingo wa mlima unakuonyesha Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika yote ya chini.

Tahadhari za njia hii zinafaa kwa kila barabara ya mlimani. Ni nyembamba, na mabasi hupiga honi kabla ya kona. Ukisikia honi kaa kushoto kabisa, usihamie kulia ili utazame bonde. Wakati wa kushuka, breki zifunge na kuziachia kwa vipindi, usizishikilie mfululizo, maana rimu zinapata moto na tairi linaweza kupasuka. Baada ya mvua kubwa usishuke mpaka umemuuliza dereva aliyetoka juu, kwa sababu mawe na matope huanguka barabarani.

Kwa upande wa Kilimanjaro, mwenzake Lushoto ni Marangu. Ukitokea Moshi, kipande cha hadi Himo ni barabara kuu na kina malori, kwa hiyo mimi nalala Himo au Marangu kwenyewe. Kutoka Himo hadi geti la hifadhi, lililo karibu mita 1,860, unapanda kama mita 1,000 ndani ya kilomita zisizofika 20. Hiyo ni ngumu, na ni tamu sana: kahawa chini ya migomba, mifereji ya maji kando, na Kibo ikijitokeza kabla mawingu hayajaifunika. Mawingu huwahi, kwa hiyo nawe uwahi.

Ukipangiwa Mbeya, usihangaike na barabara ya Zambia. Omba kulala Tukuyu ikiwa kazi inaruhusu. Barabara ya Uyole hadi Tukuyu inapita pembeni ya Mlima Rungwe wenye mita 2,960 hivi, na ina malori ya Malawi yanayokwenda mpaka wa Kasumulu, kwa hiyo mimi naitumia asubuhi ya Jumapili tu. Siku nyingine naingilia Katumba, kuelekea Lwangwa na Mbambo, ndani ya mashamba ya chai. Lami ya huko imekuwa ikiwekwa kwa vipande. Muulize konda imefika wapi. Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na ukungu wake si mchezo, kwa hiyo taa ya nyuma iwake hata mchana, na kizibao cha kung'aa kivaliwe juu ya koti. Ukikutana na wazee asubuhi, "ugonile" inafungua milango yote.

Tambarare hakuna mlima wa kutafuta. Tafuta maji na upime upepo. Singida mjini kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, na asubuhi ndege wamejaa ukingoni. Upepo wa katikati ya nchi ni mkali na mara nyingi hutoka mashariki. Anza kwa kuukabili ukiwa na nguvu, urudi ukikusukuma.

Kuna barabara nzuri ambazo nasema wazi usiendeshe. Lami ya Mikumi inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na tembo, nyati na simba hawajui kwamba wewe ni mgeni wa kikazi. Barabara yoyote inayokatiza mapito ya wanyama, uliza kwanza ofisi ya wanyamapori ya hapo. Barabara ya mlima Kitonga nayo, pamoja na uzuri wake wote, ni ya malori.

Ukivuka mpaka, njia rahisi ni kufuata mashindano. Tour du Rwanda hufanyika kila mwaka mwezi Februari na njia za kila hatua hutangazwa; Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, na mzunguko wake unaweza kuuendesha mwenyewe. Kumbuka Rwanda wanaendesha kulia. Ukibahatika kuwa Kigali Jumapili ya kuzuia magari, ambayo huja mara mbili kwa mwezi, toka mapema. Kwa Kenya, Eldoret hadi Iten, kisha Tambach kushukia Bonde la Kerio, ni barabara ya kumwomba bosi akuongezee siku. Iten iko mita 2,400, kwa hiyo mtu wa Pwani aanze taratibu.

Suala la muda. Nikianza kazi saa 2:00, nakuwa barabarani mara tu nuru inapotosha kuona shimo, na narudi saa 1:15. Hiyo ni kilomita 20 au 25 za tambarare, au 15 za mlima. Angalia jua la mkoa husika: Kigoma jua huchomoza karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na ratiba ya Pwani itakutoa gizani. Safari ndefu iweke Jumamosi. Gesti nayo ichague kwa ramani, upande wa mji inakotokea barabara yako, usilazimike kukatiza stendi alfajiri. Chumba cha chini, na baiskeli ilale nawe ndani.

Kwenye basi, toa pedeli na gurudumu la mbele, funga blanketi, upande wa cheni uwe juu, na usimame hapo konda anapoipanga kwenye buti. Malipo patana kabla. Kama tyubu zako zina valvu nyembamba, beba adapta mbili, kwa sababu pampu ya fundi wa kijijini haiingii. Beba na tyubu zako, maana saizi ya tairi za mbio huipati nje ya miji mikubwa.

Mimi ni mwanamke na mara nyingi naendesha peke yangu. Mfukoni mwa jezi huwa nina kanga moja nyepesi. Nikisimama kijijini naifunga kiunoni, na mazungumzo yanakuja yenyewe. Akina mama wananiuliza natoka wapi, wananipa maji, wananiambia njia ya kurudia. Kabla ya kutoka namwachia mtu wa mapokezi karatasi yenye jina la barabara, kijiji nitakachogeukia na saa ya kurudi, na namba ya mwenzangu wa kazini.

Ukirudi, rekodi yako iache wazi kwa wote. Usiiite "mazoezi ya asubuhi". Iite kwa majina, "Mombo–Soni–Lushoto". Kwenye maelezo andika lami inakomea wapi, gulio ni siku gani, maji yanauzwa wapi, na kama fundi baiskeli anafungua Jumapili.