Jinsi Mtafiti Anavyoweza Kubadili Ruzuku za Wazee Kenya

Utafiti mwingi kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa ruzuku wazee na wengine wasiojiweza, huishia kabatini kwa sababu hukamilika Juni, fedha zikiwa zimeshagawanywa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kufikia Februari 15, ikiwa na ukomo wa matumizi ya kila sekta. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30. Kwa hiyo lenga vikao vya sekta, ambako wizara hujadili mgao wa fedha, vinavyotangulia Februari. Ukichelewa, nyongeza yoyote itabidi ikatwe kwenye fungu la mwingine, naye hatakubali kirahisi.

Usianzie kwa waziri. Watafute wachumi wa idara ya hifadhi ya jamii, maana wao ndio huandika rasimu, na uwaulize wanakwama wapi kabla hujatunga hojaji.

Ukienda nyanjani, pima tarehe ya malipo pamoja na kiasi. Ruzuku ikichelewa, mzee hukopa unga dukani, na pesa zikiingia zote huishia kwenye daftari la madeni. Usipotenganisha uchelewaji na uchache wa pesa, utapendekeza nyongeza mahali ambapo kulipa kwa wakati kungetosha.

Kisha piga hesabu. Hapa ndipo wasomi wengi hukwama. Mzee hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukitaka apewe 2,500, kwa wazee 100,000 ni 500 × 12 × 100,000, yaani shilingi milioni 600 kwa mwaka, bila gharama za kuzifikisha. Weka na chaguo la bei nafuu, kwa mfano kuanza na waliotimiza miaka 80, na ukadirie miaka mitatu, kwani orodha hukua.

Kama mpango ni mpya, shauri uanze kwa awamu. Santiago Levy, mchumi aliyewahi kufundisha Boston University, alisimamia kuundwa kwa Progresa, mpango wa kuzipa familia maskini fedha kwa masharti, nchini Mexico mwaka 1997 akiwa naibu waziri wa fedha. Katika tathmini yake, vijiji 506 viligawanywa kwa bahati nasibu: 320 vikatangulia kupata fedha, 186 vikasubiri, ili vilinganishwe. Ushahidi huo ulisaidia mpango kuvuka mabadiliko ya serikali ya mwaka 2000.

Kamati ya Bunge ikiita maoni, kama Ibara ya 118 ya Katiba inavyodai wananchi washirikishwe, mpelekee Karani wa Bunge kurasa mbili. Pendekezo, gharama na fungu la bajeti vikae ukurasa wa kwanza. Mbinu za utafiti ziende kwenye kiambatisho.