Kichanga na mkubwa wake mtukutu: namna ya kuipanga siku

Mimi ni mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatembelea wazazi majumbani Dar es Salaam, wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Mama mwenye mtoto wa pili mara chache huniuliza habari za kitovu. Huniuliza amfanyeje yule wa miaka miwili aliyemwaga maji ya kunywa asubuhi, akachora ukuta kwa mkaa, na sasa anamvuta mdogo wake mguu. Ninachowaambia wote ni hiki: kichanga anahitaji vitu vichache, mara nyingi. Kwa hiyo panga siku kwa kumfuata mkubwa, kichanga ataingia humo. Hatua hizi zinafaa hata kwa familia ya chumba kimoja.

Hatua ya 1: Nyonyesha sakafuni

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hapo ndipo utundu unapoanza, maana mkubwa anajua mikono yako ina kazi. Ukipanda kitandani au kwenye kochi, huku chini kote ni kwake. Tandika mkeka, egemeza mgongo ukutani kwa mto, funga mlango wa nje kwa komeo la juu, kisha mkubwa akae mahali mkono wako unapofika.

Kabla hujatoa ziwa, mkubwa awe ameshakojoa, ameshakunywa maji, na ana kitu cha kuchezea. Muandalie kikapu kinachotoka wakati wa kunyonyesha tu: vifuniko, mwiko, vikombe vya plastiki, kipande cha kanga kuukuu. Mdogo akishiba, kikapu kinarudi juu ya kabati. Kikishinda chini kutwa, kesho yake hakitazamwi tena. Usitie humo sarafu, vifungo, wala betri ndogo bapa za rimoti. Betri hizo zikimezwa huunguza koo.

Kama mkubwa bado ananyonya, si lazima umwachishe ghafla. Kichanga atangulie tu, hasa siku za mwanzo ambapo maziwa ni yale ya njano.

Hatua ya 2: Piga magoti uikague nyumba

Tazama kila kitu kwa kimo cha mkubwa. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Chupa ya chai isiwe juu ya kitambaa cha meza anachoweza kukivuta. Ndoo zifunikwe au zimwagwe, kwa sababu mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji ya sentimeta chache.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa mzazi. Najua bibi wengi wanalitaka ili mama apate joto. Moshi ukiisha, mkaa unaendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mkubwa naye yuko hapo hapo akizunguka. Kichanga mpe joto kwa kumlaza kifuani pako, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na soksi.

Hatua ya 3: Ukitoka, toka na anayetembea

Kama utashika hatua moja tu, shika hii. Mkubwa hana nia mbaya na mdogo wake. Atamtia karanga mdomoni kwa sababu anampenda, au atamfunika uso kwa khanga kwa sababu amekuona ukimfunika mwili. Kwa hiyo ukienda chooni au kuanua nguo, mkubwa afuatane nawe. Kichanga abaki chali ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, bila mto wala nguo karibu na uso.

Ukihitaji mikono yote miwili, mfunge kichanga kifuani kwa kanga. Uso wake uuone muda wote, na kidevu kisigandamane na kifua. Jikoni kwenye moto, hapana. Mwachie mtu mwingine ampakate.

Hatua ya 4: Mkubwa asikie mdogo akiambiwa asubiri

Kutwa nzima anaambiwa "ngoja, mtoto analia." Kichanga akiwa ametulia, mgeukie useme kwa sauti: "Subiri kidogo mdogo wangu, namvisha kaka viatu." Kichanga haelewi, lakini kaka ameelewa vizuri sana.

Akianza tena kujikojolea au kudai abebwe, usimchape wala kumwaibisha. Akimpiga mdogo, ushike mkono wake, sema "hapana," kisha umwonyeshe namna ya kumpapasa miguu. Miguu, si uso: ametoka kucheza nje, na mafua mepesi kwake yanaweza kuwa mazito kwa kichanga. Anawe kwa sabuni kwanza. Akikohoa, asimkaribie mdogo usoni.

Hatua ya 5: Wape wasaidizi kazi inayofaa

Wageni hukimbilia kumpakata kichanga, mama anabaki na vyombo. Geuza. Anayekuja kusaidia afue, apike, ampeleke mkubwa kucheza nje. Baba aliyeajiriwa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 3 kisheria. Ni chache, basi azitumie kwa mkubwa: kumwogesha, kumlisha, kumlaza. Usiku pia mkubwa alale upande wa baba, asilale ubavuni mwa kichanga.

Hatua ya 6: Chagua mapema jirani wa dharura

Mpeleke kichanga kituo cha afya mara moja akikataa kunyonya, akipata degedege, akilegea mpaka aguswe ndipo ajisogeze, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea anapovuta pumzi, akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi au akiwa wa baridi isiyo kawaida, viganja na nyayo zikiwa za njano, au kitovu kikitoa usaha.

Nimeona mama akingoja kupambazuke kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mkubwa. Ongea na jirani leo, mpe namba ya baba, mwonyeshe nguo za mkubwa zilipo na chakula anachokubali kula, ili ukigonga mlango wake saa nane usiku uondoke bila maelezo.