Somo: Kupima programu ya tiketi za boti kwa kutafuta mipaka

Somo hili ni la wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa kwanza na wa pili. Tutapima programu ndogo ya kukata tiketi za boti, Malindi (bandari ya Unguja) kwenda Mkoani (Pemba). Masharti ni ya mfano tu: mtoto chini ya miaka 3 bure, miaka 3 hadi 11 nusu nauli, miaka 12 na kuendelea shilingi 40,000 kamili.

Hatua ya 1. Soma masharti, msimbo (code) usiuguse. Ukianza na msimbo utarithi mawazo ya aliyeuandika pamoja na makosa yake. Kasoro za mwanzo hupatikana hapa hapa: umri unahesabiwa siku ya kukata tiketi au siku ya safari? Mtoto anaweza kukatiwa tiketi ana miaka 11, akapanda boti ana 12. Uliza, jawabu uliandike.

Hatua ya 2. Gawa maingizo kwa makundi. Makundi halali ni matatu. Yasiyo halali ndiyo husahauliwa: -1, sehemu tupu, neno "kumi", 7.5. Kila kundi litolee kiwakilishi kimoja. Kama 7 imelipa nusu, 8 haitakwambia jipya.

Hatua ya 3. Nenda mipakani. Hapa tukae kitako. Chukua namba za pande mbili za kila mpaka: -1 na 0, 2 na 3, 11 na 12. Mara nyingi mwandishi huweka umri < 11 palipotakiwa umri <= 11. Ukijaribu 7 na 20, zote zinapita, nawe unaridhika. Ni 11 peke yake itakayomfichua, kwani mtoto huyo atatozwa 40,000 badala ya 20,000.

Hatua ya 4. Chora jedwali la safu nne: namba, ingizo, matokeo yanayotarajiwa, matokeo halisi. Safu ya tatu ijazwe kabla programu haijaendeshwa. Wanaoiendesha kwanza kisha wakanakili jibu lake wanajidanganya: jaribio la namna hiyo haliwezi kushindwa.

Hatua ya 5. Masharti yakiingiliana, zidisha. Mkaazi na mgeni wakiwa na nauli tofauti, 2 mara makundi 3 ni mistari 6 ya jedwali, na kila mstari una jibu lake.

Hatua ya 6. Yaandike majaribio kwa lugha ya Python, uyaendeshe kwa pytest, chombo chake cha kuendeshea majaribio. Faili liitwe test_nauli.py, na jina la kila kitendaji (function) lianze na test_. Kisha hesabu: umeandika 10, pytest inaripoti 9? Pengine jina moja halikuanza inavyotakiwa, au vitendaji viwili vina jina moja na cha chini kimekifuta cha juu. Hutapewa onyo.

MASUALI

Suali: Mwalimu, kipimo kinaonesha asilimia 100 ya mistari ya msimbo imepitiwa na majaribio. Si tumemaliza?

Jawabu: Bado. Mstari wa umri < 11 unapitiwa hata ukijaribu 7. Asilimia hiyo inasema mstari umeendeshwa, haisemi uko sahihi. Na sharti ambalo mwandishi amelisahau halina mstari wa kupitiwa.

Suali: Tiketi imeandika 07:00, abiria wa Pemba alitarajia kusoma "saa 1 asubuhi". Ni kasoro?

Jawabu: Kama masharti yamesema saa za Kiswahili zioneshwe, ndiyo. Kama yamenyamaza, kasoro iko kwenye masharti. Tahadhari na marekebisho ya haraka ya kutoa 6: 06:00 itakuwa saa 0 badala ya saa 12 asubuhi, na 19:00 itakuwa saa 13 badala ya saa 1 usiku. Pima 05:59, 06:00, 06:59, 07:00, 18:59 na 19:00.

Suali: Nikiripoti kasoro niandike nini? Nimeandika "nauli haifanyi kazi" nikarudishiwa.

Jawabu: Haki yao, dada. Andika hivi: "Mkaazi, umri 11, Malindi kwenda Mkoani. Ilitarajiwa 20,000, imetoka 40,000. Umri 10 imetoka 20,000." Sentensi ya mwisho usiiache, ndiyo inayomwelekeza mrekebishaji kwenye mpaka.