Namna ya Kutambua Kazi ya Mikondo ya Kina Kirefu katika Mashapo ya Miinuko ya Bahari

Anayeanza kuchunguza mashapo ya mwinuko ulio chini ya bahari hudhani kwa urahisi kwamba yote yameshuka kutoka juu, yaani vumbi lililoletwa na upepo na maganda ya viumbe wadogo waliokufa karibu na uso wa maji. Dhana hiyo haina budi kuwekwa kando mapema, kwa kuwa mikondo ya sakafuni huweza kusafirisha tope mamia ya kilomita kabla ya kulitua. Katika Mwinuko wa Bermuda, Atlantiki ya magharibi, upande wa kaskazini-mashariki wenye kina cha mita 4,500 hivi hupokea zaidi ya sentimita 10 za mashapo kila miaka 1,000, ilhali udongo mwekundu wa bahari kuu iliyo mbali na nchi kavu haufikii hata sentimita moja kwa muda huo. Sehemu kubwa ya tope hilo ilitoka pwani ya Kanada.

Anza na ramani inayoonyesha kina cha bahari. Mkondo unapobanwa na ubavu wa mwinuko huongeza kasi na kuchimba mfereji kwenye tako lake, kisha kando ya mfereji huo, pale kasi inapopungua, hujenga tuta refu la tope. Ukitazama kule maji yanakoelekea, katika nusu ya kaskazini ya dunia mkondo huegemea mteremko ulio kulia, kwa hiyo utarajie mfereji kulia na tuta kushoto. Katika nusu ya kusini mpangilio hugeuka. Usichukue sampuli yako kileleni, kwa maana huko chembe laini hufagiliwa, ukabaki mchanga wa foraminifera (viumbe wadogo wa baharini wenye maganda ya chokaa) au mwamba mtupu wenye gamba la manganizi, ambalo hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Historia isiyokatika hutafutwa kwenye tuta.

Ukishapata nguzo ya mashapo, yaani sampuli ndefu iliyokatwa wima kutoka sakafuni, tofautisha kazi ya mkondo na ile ya poromoko la tope. Poromoko huacha tabaka lenye kitako kilichokatika ghafla, chembe kubwa zikiwa chini na laini juu. Mkondo hufanya kazi polepole: chembe huongezeka ukubwa kadiri unavyopanda, kisha hupungua tena, mipaka haionekani vizuri, na vishimo vya minyoo vimetapakaa kote kwa sababu viumbe walipata muda wa kuchimba. Mipaka hiyo hafifu isikukatishe tamaa, maana yenyewe ni ushahidi.

Hatua ya maabara ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Yeyusha maganda ya chokaa kwa asidi ya asetiki iliyozimuliwa, kisha silika ya viumbe (maganda yao yaliyo kama kioo) kwa sodiamu kabonati ya moto, ili zibaki chembe zilizotoka nchi kavu pekee. Pima wastani wa ukubwa wa zile zilizo kati ya mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 10 na 63. Zilizo ndogo kuliko hapo hushikamana na kutua kwa mafungu, hivyo haziakisi kasi ya maji vizuri. Lakini katika kundi la mikromita 10 hadi 63 wastani ukipanda, kwa kawaida mkondo ulikuwa na nguvu zaidi. Mahali palipopitiwa na siwa barafu, hesabu kwanza punje kubwa zilizodondoshwa nazo, kwani barafu huleta chembe za kila ukubwa bila kujali mkondo.

Mwisho ni umri. Katika tabaka moja la Mwinuko wa Bermuda, mafuta ya mwani yaitwayo alkenoni yameonekana kuwa makongwe kuliko maganda ya foraminifera kwa hadi miaka 7,000, kwa sababu yalisafiri pamoja na tope la zamani. Kwa hiyo pima kaboni 14, aina ya kaboni inayotumiwa kukadiria umri, kwenye maganda ya foraminifera wa juu ya maji, ambayo ni mazito na hutua karibu na yalikotoka, na usioanishe joto la bahari ya zamani lililokadiriwa kwa alkenoni na tarehe ya maganda kabla ya kupima umri wa alkenoni zenyewe.